Barua kwa Mhariri wa Katuni

Kwa zaidi ya miaka 40, msomaji wa jarida la katuni la Marekani alipomaliza hadithi alikuta kwenye kurasa za mwisho maandishi madogo yaliyobanana, bila picha. Zilikuwa barua za wasomaji wenzake, na chini ya kila moja jibu la mhariri. Mmoja anauliza kwa nini shujaa mwenye uwezo wa kuruka alikubali kutumbukia shimoni. Mwingine amegundua kwamba koti lililokuwa la bluu ukurasa wa tano limegeuka kijani ukurasa wa sita. Wa tatu hana swali wala kosa la kuonyesha. Yeye anataka mhalifu aliyekufa mwaka jana arudishwe, na njia ya kumrudisha ameshaitunga mwenyewe.

Wachapishaji hawakuchapa barua hizo kwa mapenzi matupu. Posta ya Marekani ilitoza nauli nafuu kwa majarida yaliyotumwa kwa wasomaji waliolipia kabla, mradi jarida liwe na walau kurasa mbili za maandishi. Kwa miaka mingi sharti hilo lilitimizwa kwa visa vifupi vya kubuni, ambavyo watoto wengi waliviruka bila kuvisoma na ambavyo ilibidi mtu alipwe kuviandika. Barua zilikuja bure, tena stempu amelipia mwandikaji mwenyewe. Zilipochukua nafasi ya visa hivyo, mchapishaji aliokoa fedha, akairidhisha posta, na akapata kujua wateja wake wanawaza nini.

Desturi yenyewe haikuzaliwa kwenye katuni. Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la hadithi za kisayansi la Amazing Stories mwaka 1926, alichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kumbe kwa kufanya hivyo aliwafungulia mlango ambao yeye hakuwa mlinzi wake: wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao, wakaunda vikundi, wakatoa vijarida vyao. Vijana wawili wa New York waliokulia katika mtandao huo, Mort Weisinger na Julius Schwartz, walishiriki kutoa kijarida cha namna hiyo mwaka 1932, kikiitwa The Time Traveller. Wote wawili waliishia kuwa wahariri wa DC, kampuni ya Superman na Batman.

Kabla DC haijaamka, kampuni ndogo ya EC, chini ya William Gaines, ilikwisha kuonyesha kwamba kujibu barua ni sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 EC ilitoa hadithi za kutisha zilizosimuliwa na wahusika kama Crypt-Keeper, kizee mlinzi wa makaburi mwenye utani mchafu. Barua nazo zilijibiwa kwa sauti ya wahusika hao. Mtoto aliyeandika kulalamika kwamba amekosa usingizi alijibiwa kwa kejeli na kizee cha makaburini, wala si na karani wa ofisi, na ilikuwa fahari kutukanwa namna hiyo mbele ya wasomaji wote. Mwaka 1954 kamati ya Seneti ilipoanza kuchunguza kama katuni zinawaharibu vijana, Gaines aliwaomba mashabiki wake waiandikie kamati hiyo kuzitetea. Hawakufua dafu. Mwaka huohuo wachapishaji wenyewe waliweka kanuni kali za maadili, na katuni za kutisha za EC zikafa.

Barua zilianza kuchapishwa katika jarida la Superman mwaka 1958, chini ya Weisinger. Wasomaji wake walikuwa wadogo na maswali yao yalikuwa ya kitoto kwa maana nzuri ya neno hilo: Superman ananyoaje ndevu ikiwa hakuna wembe unaoweza kuzikata? Weisinger alijibu kwa ufupi, mara nyingine kwa dharau kidogo. Schwartz alikuwa mtu wa namna nyingine. Alipenda barua ndefu zenye hoja, akazichapa pamoja na anwani kama alivyofanya Gernsback, na waandishi wa barua bora akawazawadia kurasa halisi zilizochorwa kwa mkono na wachoraji wake. Wakati ule kurasa hizo zilihesabiwa kama takataka za ofisi. Leo ukurasa mmoja wa aina hiyo huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola.

Miongoni mwa waliomwandikia Schwartz bila kuchoka walikuwa Jerry Bails, mwalimu wa chuo, na Roy Thomas, kijana wa Missouri aliyekuja kuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwaka 1961 walianzisha kijarida chao, Alter Ego, na wasomaji wa kwanza waliwapata kwenye anwani zilizochapwa katika kurasa za barua. Jumuiya ya wapenzi wa katuni wa Marekani, yenye mikutano inayojaza kumbi kubwa siku hizi, ilianzia kwenye orodha ya majina ya namna hiyo.

Marvel, kampuni iliyoshindana na DC, ilichelewa kidogo kuanza, lakini ilipoanza iliwapita wote. Toleo la kwanza la Fantastic Four lilitoka na tarehe ya Novemba 1961, na kufikia toleo la tatu kulikuwa na ukurasa wa barua. Mhariri, Stan Lee, aliandika majibu kana kwamba yeye na msomaji wamekaa kibarazani. Aliwataka wasomaji waache kumwandikia "mhariri" na badala yake wawasalimu yeye na mchoraji Jack Kirby kwa majina yao. Aliwataja wachoraji, waandika maneno na makarani kwa majina ya utani, akajisifu kupita kiasi, halafu akajicheka. Ulikuwa ujanja wa biashara, na Lee alikuwa mfanyabiashara hodari. Lakini wasomaji walioandika hawakuwa wakijidanganya walipohisi kwamba kuna mtu anawasoma, kwa sababu alikuwepo.

Kazi ilifanywa kwa haraka mno, na haraka huzaa makosa. Lee aliandika hadithi nyingi kila mwezi na hakuwa na kumbukumbu nzuri ya majina. Katika toleo la kwanza la jarida la Spider-Man mwenyewe, lililotoka mwaka 1963, Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, aliitwa Peter Palmer katika sehemu moja. Mwaka uliofuata, ndani ya Fantastic Four, mwanasayansi anayegeuka kuwa Hulk, Bruce Banner, aliitwa Bob Banner. Wasomaji hawakuliacha lipite. Lee alijibu katika ukurasa wa barua matoleo machache baadaye: jina kamili la bwana huyo ni Robert Bruce Banner, na Bob ni kifupi cha Robert. Jibu hilo, lililotungwa ili kujinasua, limebaki kuwa ukweli wa hadithi hadi leo. Kila mtunzi aliyekuja baadaye amelazimika kulifuata. Jina la mhusika maarufu duniani limepatikana kwa sababu msomaji fulani alishika kosa na mhariri akakataa kushindwa.

Barua za kushika makosa zilipofurika, Lee alibuni zawadi yake mashuhuri, iliyoitwa No-Prize, yaani zawadi isiyokuwepo. Mwanzoni ilitangazwa tu kwa maneno ukurasani. Baadaye kampuni ilianza kumtumia mshindi bahasha iliyochapwa kwa madoido, yenye pongezi kwamba ndani mna zawadi ya kweli kabisa ya Marvel. Ndani hamkuwa na kitu. Wapo washindi walioandika tena kulalamika kwamba zawadi imepotea njiani. Kadiri miaka ilivyokwenda masharti yalibadilika kwa namna iliyofundisha jambo: haikutosha tena kuonyesha kosa, bali ilimpasa msomaji aeleze kwa nini lile lionekanalo kosa si kosa. Koti limegeuka kijani? Basi eleza mwanga wa taa za kiwandani ulivyoangukia kitambaa. Kwa mbinu hiyo kampuni iliwageuza wakaguzi wake wakali kuwa mawakili wake, bila kuwalipa hata senti.

Si maswali yote yalikuwa ya makoti. Iron Man, aliyeanza mwaka 1963, alikuwa tajiri mtengenezaji wa silaha aliyejeruhiwa Vietnam, na vita vile vilipozidi kuchukiwa, wasomaji wa umri wa chuo kikuu waliandika kuuliza inakuwaje mtu wa namna hiyo awe shujaa. Walijibiwa na wasomaji wengine waliounga mkono vita. Ukurasa wa barua ukawa baraza, na taratibu hadithi zenyewe zilianza kumwonyesha mhusika huyo akijutia biashara yake.

Lakini hakuna swali lililoonyesha uzito wa ukurasa huo kuliko lile la mwaka 1973. Katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, mhalifu Green Goblin anamtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, kutoka juu ya daraja. Spider-Man anafyatua utando wake, unamnasa msichana mguuni, anasimama ghafla kabla ya kugusa maji. Shujaa anafurahi kwa kuwahi. Anapomvuta juu, anakuta amekufa. Katika mchoro, karibu na shingo ya Gwen, kumeandikwa neno dogo la mlio, kama kijiti kinachovunjika. Halielezwi popote. Mhalifu anadai mtu akianguka kutoka juu vile hufa hata kabla ya kufika chini.

Barua zilimiminika. Nyingi zilikuwa za hasira, kwa kuwa haikuwa desturi mpenzi wa shujaa kufa kweli na asirudi. Wengine waliona kwamba daraja linaitwa George Washington kwenye maandishi huku lililochorwa likifanana na lile la Brooklyn. Swali zito zaidi lilihusu lile neno dogo: nini hasa kilimuua Gwen? Barua ya msomaji huchukua miezi kadhaa kuonekana, kwa sababu matoleo yanayofuata huwa tayari yako kiwandani. Hivyo jibu lilitoka katika toleo la 125. Lilieleza kwa masikitiko kwamba shingo ilivunjika kwa mshtuko wa kusimamishwa ghafla na utando. Angeachwa aanguke, angekufa majini. Kumkamata namna ile nako kulimuua. Aliyetoa jibu hilo alikuwa Roy Thomas, yuleyule mwandishi wa barua kwa Schwartz, ambaye sasa alikuwa mhariri mkuu wa Marvel. Tangu hapo watunzi wameurudia mkasa huo mara nyingi, na mzigo wa shujaa anayejua kwamba mkono wake mwenyewe ulihusika umekuwa sehemu ya tabia yake. Hadithi iliachia fumbo. Ukurasa wa barua ndio uliotoa hukumu.

Thomas hakuwa peke yake kuvuka kutoka ukurasa wa barua hadi meza ya uhariri. Marv Wolfman, Len Wein, Mark Gruenwald na Kurt Busiek walianza kama mashabiki. Kijana wa New Jersey, ambaye barua yake ya sifa ilichapwa katika toleo la 20 la Fantastic Four mwaka 1963, alikuja kujulikana duniani kwa riwaya za fantasia: ni George R. R. Martin. Aliyevuka kwa namna ya ajabu zaidi ni Jim Shooter wa Pittsburgh. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 13, aliandika na kuchora mwenyewe hadithi ya kikundi cha Legion of Super-Heroes, akaipeleka kwa Weisinger bila kuombwa. Weisinger aliinunua. Mwaka uliofuata kazi ya Shooter ilianza kutoka, na malipo yakaisaidia familia yake iliyokuwa na shida ya fedha.

Kisa cha Shooter hupendwa sana na mashabiki, na ndicho kinachowafanya wengi waamini kwamba pendekezo zuri litafika. Ukweli ni kwamba pendekezo ndilo jambo ambalo mchapishaji wa katuni huliogopa kuliko yote. Swali humgharimu jibu, na kosa humgharimu aibu kidogo. Pendekezo laweza kumgharimu kesi. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu; hulinda namna lilivyoandikwa au kuchorwa. Hata hivyo msomaji aliyetuma kurasa kumi za hadithi, akaona baada ya miaka miwili hadithi inayofanana nayo sokoni, hatakosa wakili wa kumsikiliza. Mchapishaji atalazimika kuthibitisha kwamba mtunzi wake hakuwahi kuiona ile barua, na njia rahisi ya kuthibitisha ni kutoisoma kabisa. Ndiyo maana kampuni kubwa hurudisha hadithi zisizoombwa bila kuzifungua, au humtaka mtumaji atie saini kwanza karatasi ya kukubali kwamba hatadai chochote. Msomaji wa kawaida huona huo ni ukatili. Kwa kampuni ni kinga tu.

Mara chache kinga hiyo ililegezwa. Mwaka 1981 DC ilianza upya mfululizo uitwao Dial H for Hero, ambamo vijana wawili wanapozungusha namba kwenye kifaa fulani hugeuka mashujaa tofauti kila mara. Mashujaa hao na wahalifu wao walibuniwa na wasomaji. Aliyechaguliwa alitajwa jina na kupewa fulana. Mhusika alibaki mali ya DC moja kwa moja. Waliojitokeza wengi walikuwa watoto, ingawa Harlan Ellison, mwandishi mashuhuri aliyekuwa ameshavuka miaka 40, naye alituma mhusika wake na kukubaliwa.

Mfano mwingine unauma zaidi. Mwaka 1982 msomaji kijana wa jimbo la Illinois alipokea barua kutoka Marvel ikimwambia kwamba wazo alilotuma limependwa na kampuni iko tayari kulinunua kwa dola 220. Wazo lenyewe: Spider-Man aache nguo za bluu na nyekundu, avae vazi jeusi litakalomsaidia kujificha usiku, lililoshonwa kwa kitambaa cha kisayansi na mmoja wa mashujaa wa Fantastic Four. Aliyetia saini barua ile alikuwa mhariri mkuu wa Marvel wa wakati huo, ambaye hakuwa mwingine ila Jim Shooter, mtu aliyeingia kwenye kazi hii kwa kutuma wazo bila kuombwa. Kijana alikubali na akapewa nafasi ya kujaribu kuandika hadithi yenyewe, lakini jaribio hilo halikufika mbali. Mwaka 1984 vazi jeusi lilitokea katika matoleo ya Spider-Man. Watunzi wengine walikuwa wamelibadilisha: halikuwa tena kitambaa bali kiumbe hai kutoka sayari nyingine. Kufikia mwaka 1988 kiumbe hicho kilikuwa kimepata mtu mwingine wa kumvaa na jina jipya, Venom. Filamu ya Venom ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola milioni 850.

Kisheria hakuna aliyedhulumiwa: kulikuwa na mapatano, fedha zililipwa, na sehemu kubwa ya kilichomfanya Venom awe Venom ilitungwa na waajiriwa wa kampuni. Hata watunzi hao walifanya kazi kwa mikataba iliyoipa kampuni umiliki wote. Bado ni vigumu kuisoma namba ile ya 220 bila kusita.

Njia nyingine ya kupokea matakwa ya wasomaji ni kuwapigisha kura, na hapa kampuni hujilinda kwa kuandika majibu yote mapema. Mwaka 1988 DC ilikuwa na Robin, msaidizi wa Batman, asiyependwa. Jason Todd, wa pili kubeba jina hilo, alionekana mtundu na mkaidi, na barua za kumlalamikia zilikuwa nyingi. Katika toleo la 427 la Batman mhalifu Joker anampiga kwa chuma, kisha jengo alimoachwa linalipuka. Mwishoni mwa jarida ziliwekwa namba mbili za simu, moja ya kumponya na moja ya kumwua, kila simu senti 50. Mchoraji Jim Aparo alikuwa ameandaa kurasa za matokeo yote mawili. Zilipigwa simu 10,614. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Waliotaka apone 5,271. Tofauti ni kura 72.

Mhariri, Dennis O'Neil, alishambuliwa vikali kwa kufanya kifo cha kijana mchezo wa simu. Baadaye alisimulia kwamba alisikia mtu mmoja aliitegesha kompyuta yake ipige namba ya kifo tena na tena, habari ambayo haikuthibitishwa. Iwe kweli au la, inaonyesha udhaifu wa kura ya namna ile: haihesabu watu, inahesabu senti 50. Mwenye barua hulazimika kueleza sababu, na sababu yake yaweza kupimwa. Mwenye simu hatoi sababu. Watunzi wa DC walimfufua Jason Todd mwaka 2005, safari hii bila kuuliza mtu.

Japani imekwenda mbali zaidi katika kuhesabu. Jarida la Shōnen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, huwa na kadi ya posta ambayo msomaji hutaja hadithi tatu zilizompendeza katika toleo hilo. Matokeo hupangwa kila wiki, na hadithi mpya isiyopanda ndani ya wiki kumi hivi hukatwa, hata kama mchoraji hajamaliza alichotaka kusema. Dragon Ball, iliyoanza mwaka 1984, ilishuka katika hesabu hizo mapema. Mtunzi Akira Toriyama na mhariri wake, Kazuhiko Torishima, wakaingiza mashindano ya mapigano, na hadithi ikapaa. Katikati ya miaka ya 1990 jarida lilifikia nakala milioni 6.53 kwa wiki moja. Ni mfumo usio na huruma, na ndio uliowapa wasomaji nguvu ambayo barua za Marekani hazikuwahi kuwapa. Lakini kadi haimwambii mhariri kwa nini. Inamwambia nani wa kufukuza.

Maswali Japani yana mahali pake pengine. Katika vitabu vya One Piece, hadithi iliyoanza mwaka 1997, mtunzi Eiichiro Oda hujibu maswali kati ya sura na sura, katika safu iitwayo SBS. Majibu yake ni mzaha mtupu mahali pengine na habari nyeti mahali pengine, na msomaji huachwa atofautishe. Siku za kuzaliwa za wahusika wengi zimetoka kwa mashabiki: mmoja hupendekeza tarehe kutokana na mchezo wa tarakimu na jina, Oda hujibu kwamba sawa, na tarehe huwa rasmi. Alipoulizwa wahusika wake wangetoka nchi gani kama wangeishi katika dunia hii, alimpa Luffy Brazili, Zoro Japani, Nami Uswidi, Sanji Ufaransa. Usopp, mlenga shabaha mwenye midomo minene, alipewa Afrika. Wenzake walipata nchi. Yeye akapata bara zima. Shabiki wa Mombasa au Bujumbura ana haki ya kuandika kuuliza ni Afrika ya wapi.

Uingereza ilichukua njia ya EC. Jarida la 2000 AD, linalotoka tangu Februari 1977, lina mhariri wa kubuni aitwaye Tharg, mgeni wa rangi ya kijani kutoka nyota ya mbali. Barua humwendea yeye, naye huwajibu wasomaji kwa majivuno kama viumbe duni wa dunia. Kinyago hicho kimekaa miaka mingi huku wahariri halisi waliomo ndani yake wakibadilika mmoja baada ya mwingine.

Marekani nayo ukurasa wa barua ulianza kunyauka intaneti ilipoenea. Msomaji hakuwa na sababu ya kungoja miezi minne kujibiwa jambo aliloweza kulibishania usiku uleule. Mwaka 2002 DC iliziondoa kurasa hizo katika majarida yake, na Marvel ikazibakiza hapa na pale tu. Waliozihifadhi kwa bidii ni watunzi wanaomiliki kazi zao. Robert Kirkman alijibu barua katika The Walking Dead hadi mwisho wa jarida hilo mwaka 2019. Brian K. Vaughan, mtunzi wa Saga iliyoanza mwaka 2012, alikataa barua pepe kabisa: anayetaka kusomwa atafute karatasi, bahasha na stempu. Kizuizi hicho kidogo huchuja matusi vizuri kuliko programu yoyote, maana hasira hupoa kabla mtu hajafika posta.

Afrika Mashariki ilipata ukurasa wa barua usio na karatasi. Shujaaz ilianza Kenya Februari 2010, ikigawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya Safaricom, imeandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana asiye na ajira anayerusha matangazo ya redio ya siri kutoka chumbani kwake. Namba ya simu iliwekwa wazi, na vijana wakaanza kumtumia meseji. Ni mhusika wa kuchorwa kama Crypt-Keeper na Tharg, ila meseji zilizomjia hazikuhusu rangi ya koti. Ziliuliza jinsi ya kupata kitambulisho, mtaji wa biashara unaanzia shilingi ngapi, msichana akipata mimba amwambie nani. Hadithi zilizofuata zilibeba maswali hayo, na pia zilibeba mbinu za maisha kama ile ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa chakula. Mwaka 2015 toleo la Tanzania lilianza, likiwa na DJ Tee na Kiswahili cha mitaani cha huko.

Hapa uhusiano wa mchapishaji na pendekezo umegeuka. Kampuni inayouza jarida na kumiliki wahusika wa filamu huziba masikio ili isishtakiwe. Shujaaz inatolewa bure na kulipiwa na wafadhili wanaotaka kujua vijana wanafikiri nini, kwa hiyo meseji za wasomaji ni sehemu ya mali yenyewe. Zilikusanywa, zikapangwa kwa mada, zikapelekwa kwenye meza ya watunzi kabla ya toleo jipya kuandikwa. Zawadi kwa aliyeandika haikuwa fulana wala bahasha tupu. Ilikuwa jibu la DJ Boyie kwenye simu yake, na mara nyingine kuona tatizo lake, kwa jina jingine, limechorwa katika jarida la mwezi unaofuata.